Mali bila daftari: Jinsi ya kuanza programu ya tarakilishi kwa kiolezo, na mfano wa bili za maji Kisaju

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari nyingi zimehamia ndani ya tarakilishi, na kijana aliyejifunza kuandika programu ndiye anayeombwa na majirani awatengenezee daftari hiyo. Swali linalomkabili si la lugha atakayotumia pekee. Ni swali la namna atakavyoianza kazi yenyewe, kwa sababu kazi iliyoanza kombo haiwi rahisi kunyooshwa baadaye.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kuanza: kutumia kiolezo cha mradi katika lugha ya Haskell ili kutengeneza programu ndogo inayoendeshwa kwa mstari wa amri. Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni, lakini mazingira yake si mageni kwa wakazi wa Kajiado.

Mtu anayesafiri kutoka Nairobi kuelekea Namanga hupita Athi River, kisha mji wa Kitengela, na kabla ya kufika Isinya hukuta Kisaju. Eneo hili lililokuwa la malisho limegawanywa kuwa ploti, na nyumba zinaendelea kuchipuka pande zote mbili za barabara. Takwimu za sensa zinaonyesha kasi ya mabadiliko hayo: Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 1,117,840.

Ardhi hii ni kavu, na familia nyingi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo au malori yanayouza maji. Tuseme basi kuna kamati ya kisima Kisaju inayohudumia nyumba 60. Kila nyumba ina mita. Mwisho wa mwezi mhazini huzunguka akisoma mita, huandika namba katika daftari na kupiga hesabu ya kila bili kwa kalamu.

Bei waliyokubaliana ni hii: yuniti 5 za kwanza ni Sh150 kila moja, na kila yuniti inayozidi hapo ni Sh200. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Hesabu hii ni nyepesi, na hapo ndipo penye mtego. Tuseme anayeandika programu amekosea kidogo, akaifanya itoze Sh200 kwa yuniti zote pindi nyumba inapovuka yuniti 5. Nyumba iliyotumia yuniti 9 ingepaswa kulipa Sh750 kwa zile 5 za mwanzo na Sh800 kwa zile 4 zilizozidi, jumla Sh1,550. Programu yenye kosa itaitoza Sh1,800, yaani Sh250 zaidi.

Iwapo nyumba zote 60 zimevuka yuniti 5, kamati itakuwa imekusanya Sh15,000 za ziada kwa mwezi mmoja na Sh180,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeiba, lakini siku majirani watakapogundua, ni nani atakayewasadikisha kuwa lilikuwa kosa la tarakilishi?

Mstari wa amri ni nini?

Wengi wetu tumezoea programu zenye picha na vitufe vya kubonyeza. Programu ya mstari wa amri haina mapambo hayo. Mtumiaji huandika ombi lake kwa maneno na namba, hubonyeza kitufe cha kuingiza, nayo programu humjibu kwa maandishi kisha hunyamaza.

Mkenya yeyote aliyewahi kubonyeza *144# ili kujua salio la simu, au *334# ili kutuma pesa kwa M-Pesa, ameonja jambo linalokaribiana na hilo. Huduma hizo hazihitaji simu ya bei ghali. Zinahitaji mtu ajue la kuandika, na mtambo ujue la kujibu.

Programu ya namna hii ina faida tatu kwa kamati kama yetu. Kwanza, inaweza kufanya kazi katika tarakilishi kuukuu isiyo na intaneti. Pili, ni rahisi kuitengeneza, kwa kuwa mwandishi hapotezi wiki akihangaika na rangi na vitufe. Tatu, matokeo yake ni maandishi matupu yanayoweza kuchapishwa, kuhifadhiwa katika faili au kukabidhiwa programu nyingine.

Vitendakazi na fomula

Sasa tutazame mtindo wenyewe wa uandishi. Kuna jamii ya lugha za programu ambazo msingi wake ni kitendakazi. Kitendakazi ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu kingine, na ukikipa kitu kile kile mara mia, kitakupa jibu lile lile mara mia. Hakitazami saa, hakisomi faili, hakikumbuki ulichokipa jana.

Yeyote aliyetumia jedwali la Excel anaufahamu mtindo huu bila kujua jina lake. Ukiandika fomula katika kisanduku ili kijumlishe visanduku viwili vingine, fomula hiyo haibadilishi kitu kingine chochote katika karatasi. Inatoa jibu tu.

Asili ya fikra hii ni hesabu iliyobuniwa na Mmarekani Alonzo Church katika miaka ya 1930, kabla ya tarakilishi za kisasa kuundwa. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuunda lugha ya Lisp iliyochota kutoka kwa fikra hiyo. Haskell ilikuja baadaye: kamati ya wataalamu ilikubaliana mwaka 1987 kuiunda, na maelezo rasmi ya kwanza yakatolewa mwaka 1990. Ilipewa jina la mwanahisabati Haskell Brooks Curry.

Huu si mchezo wa vyuoni tu. WhatsApp, ambayo wakazi wengi wa Kitengela huifungua kabla ya kunywa chai ya asubuhi, ilijengwa kwa Erlang, lugha nyingine ya jamii hii, iliyobuniwa katika kampuni ya simu ya Ericsson nchini Uswidi kuanzia mwaka 1986. Na katika eneo letu la Afrika Mashariki, mwaka 2019 darasa la wanawake kutoka Ethiopia na Uganda lilifundishwa Haskell jijini Addis Ababa.

Kiolezo ni ploti yenye mawe ya mipaka

Mradi wa programu hauwi faili moja. Unahitaji mahali pa kuweka hesabu, mahali pa kuanzia, mahali pa majaribio, orodha ya maktaba zitakazotumiwa, leseni na maelezo kwa msomaji. Anayeanza bila mwongozo hutumia siku nzima akipanga vitu hivyo, na mara nyingi hukata tamaa kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa hesabu aliyokusudia.

Kiolezo huondoa mzigo huo. Ni mfano uliopangwa tayari, unaonakiliwa na kupewa jina la mradi wako. Ni kama ploti ya futi 50 kwa 100 pale Kisaju: mawe ya mipaka yameshawekwa, njia ya kuingilia imeachwa, na unajua mahali pa kuanzia kuchimba msingi. Hata hivyo, hakuna anayelala juu ya mawe ya mipaka. Nyumba ni juu yako.

Sisi wa vyumba vya habari tuna violezo vyetu pia. Ukurasa wa gazeti huwa na nafasi za kichwa, picha na maelezo ya picha hata kabla ya habari kuwasili. Kila mhariri anajua hatari yake: maneno ya kushikilia nafasi, yaliyoandikwa ili yafutwe, yakisahaulika huchapishwa na kusomwa na nchi nzima. Hatari hiyo imo pia katika violezo vya programu, na tutairejelea.

Hatua ya kwanza

Kwa Haskell, chombo kinachotumiwa sana kuanzisha miradi huitwa Stack, kilichotolewa mwaka 2015. Ukishakisakinisha, fungua dirisha la mstari wa amri na uandike:

stack new bili-maji

Neno la mwisho ndilo jina la mradi. Jina hilo huandikwa kwa herufi, tarakimu na vistari, bila nafasi katikati. Stack itapakua kiolezo chake cha kawaida na kuunda folda yenye jina hilo. Ingia ndani ya folda, kisha uandike:

stack build

Amri hii hujenga programu. Mara ya kwanza itachukua muda, kwa sababu Stack hupakua pia kompaila ya Haskell iitwayo GHC. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Mzigo huu ni mkubwa, na unaweza kumaliza bando la data la mtu asiyejihadhari. Ni busara kuufanya mahali penye intaneti ya kutegemewa. Baada ya hapo, kazi ya kila siku inaweza kuendelea bila mtandao, mradi huongezi maktaba mpya.

Ili kuiendesha programu, andika:

stack exec bili-maji-exe

Skrini itakujibu kwa neno moja tu: someFunc. Usishtuke. Hilo ni jina la kitendakazi cha mfano kilichomo katika kiolezo, na kazi yake yote ni kuchapisha jina lake mwenyewe. Ni neno la kushikilia nafasi, kama yale ya ukurasa wa gazeti. Lakini limekuthibitishia jambo muhimu: njia yote, kuanzia faili ya maandishi hadi jibu kwenye skrini, iko wazi na inapitika.

Vyumba vitatu vya mradi

Ukifungua folda ya mradi utakuta folda nyingine tatu zenye maana kubwa. Ya kwanza ni app, na ndani yake faili iitwayo Main.hs. Huu ni mlango wa mbele. Programu huanzia hapa, na hapa ndipo inapozungumza na mtumiaji.

Ya pili ni src, yenye faili ya Lib.hs. Hiki ndicho chumba cha ndani, mahali pa hesabu. Ya tatu ni test, yenye faili ya Spec.hs. Hapa ndipo hesabu inapokaguliwa.

Nje ya vyumba hivyo kuna faili mbili za kuangaliwa. Faili ya package.yaml hueleza mradi: jina, toleo, mwandishi, leseni na maktaba unazozihitaji. Faili ya stack.yaml hutaja mkusanyo maalumu wa matoleo ya maktaba, yaliyokwisha kuthibitishwa kuwa yanajengeka kwa pamoja. Umuhimu wake ni kwamba kijana mwingine akiuchukua mradi huu baada ya miaka 2, atapata maktaba zile zile ulizotumia wewe, na wala si matoleo mapya yasiyoelewana na kazi yako.

Fungua package.yaml mapema na uondoe maneno ya kushikilia nafasi. Kiolezo kisichojua jina lako huandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "jina la mwandishi hapa", na kuweka anwani ya mfano. Miradi mingi imetolewa hadharani ikiwa na maneno hayo. Iangalie na leseni pia: kiolezo cha kawaida huweka ile ya BSD, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia na kuibadilisha kazi yako ilimradi atunze jina lako na masharti yake. Iwapo kamati haikukusudia hivyo, ibadilishwe kabla ya kusambazwa.

Hesabu ikae mbali na mazungumzo

Mgawanyo wa folda ya app na folda ya src ndio somo kuu la mtindo huu. Mwandishi anayeanza hupenda kuchanganya kila kitu: anamuuliza mtumiaji namba, anapiga hesabu, anachapisha jibu na kuandika katika faili, yote katika mstari huo huo. Programu hufanya kazi, lakini hakuna anayeweza kuikagua hesabu bila kuiendesha programu nzima na kuketi mbele yake akijibu maswali.

Haskell hukulazimisha kutenganisha. Kitendakazi kinachozungumza na ulimwengu wa nje, kwa kusoma faili au kuchapisha kwenye skrini, hubeba alama ya wazi katika aina yake. Kitendakazi kisicho na alama hiyo hakina ruhusa ya kufanya mambo hayo. Kwa hiyo, ukiona kitendakazi cha bili hakina alama, unajua kuwa kinategemea ulichokipa tu.

Katika Lib.hs basi tutaandika kitendakazi kinachopokea usomaji wa mita wa mwezi uliopita na usomaji wa sasa, kisha kinatoa bili. Katika Main.hs tutaandika sehemu inayopokea namba kutoka kwa mhazini. Maktaba iitwayo optparse-applicative hurahisisha kazi hii: huzisoma namba zilizoandikwa baada ya jina la programu, na hutunga yenyewe ukurasa wa msaada kwa mtumiaji aliyesahau. Mhazini ataandika hivi:

stack exec bili-maji-exe -- --kabla 412 --sasa 421

Naye atajibiwa kuwa nyumba hiyo imetumia yuniti 9 na inadaiwa Sh1,550. Vistari viwili vilivyo peke yake katikati huiambia Stack kwamba yanayofuata ni ya programu yetu, si yake.

Kutoka nyumba moja hadi nyumba 60 si safari ndefu. Kitendakazi kile kile hupitishwa juu ya orodha nzima ya usomaji, na kila nyumba hutozwa kwa kanuni ile ile. Orodha ya awali haiguswi. Inayotoka ni orodha mpya ya bili. Mhazini akishuku jambo, usomaji wake wa asili upo pale pale kama alivyouandika.

Namba ambazo si namba tu

Kwa tarakilishi, 421 ya mita na 421 ya shilingi ni kitu kimoja. Kwa mkazi wa Kisaju ni vitu viwili tofauti kabisa. Haskell humruhusu mwandishi kutangaza aina yake mwenyewe, mathalani Usomaji na Shilingi. Akijaribu kujumlisha usomaji wa mita na pesa, kompaila hukataa kujenga programu na humwonyesha mstari wenye kosa. Kosa hukamatwa mezani kwa mwandishi, kabla ya bili kumfikia jirani.

Pesa nazo zahitaji uangalifu. Tarakilishi huhifadhi namba zenye desimali kwa mfumo wa mbili, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu. Ndiyo maana lugha nyingi za programu, Haskell ikiwemo, zikiulizwa jumla ya 0.1 na 0.2 katika namba za aina hiyo hujibu 0.30000000000000004. Dawa yake ni kuhesabu pesa kwa senti nzima: Sh150 ziwe senti 15,000, na kugawanya kufanywe tu wakati wa kuchapisha.

Kisha kuna mita yenyewe. Mita ikiharibika na kubadilishwa, usomaji utaanza upya. Mwezi uliopita ilikuwa 421, mwezi huu ni 3. Programu isiyojali itatoa jibu la yuniti 418 chini ya sifuri, na pengine kudai kuwa kamati ndiyo inayomdai mwenye nyumba kidogo kuliko hewa.

Kitendakazi kilichoandikwa vyema hakitoi bili kila mara. Hutoa moja kati ya mambo mawili: bili, au sababu ya kukosekana kwa bili. Aina hii ya jibu imo tayari katika Haskell na huitwa Either. Sehemu ya Main.hs italazimika kushughulikia hali zote mbili. Ikiwa ni sababu, programu itaandika kwamba usomaji wa sasa ni mdogo kuliko wa awali na kwamba mita ikaguliwe. Uamuzi wa atakacholipa mwenye nyumba utabaki kwa kamati, mahali panapostahili.

Ujumbe wa kosa upelekwe kwenye njia yake maalumu, mbali na ile ya matokeo, ili usichanganyike na bili katika faili. Na programu imalizike kwa kutoa namba ya kuashiria hali: 0 ikiwa mambo yameenda sawa, namba nyingine ikiwa kuna tatizo. Hiyo ndiyo lugha ambayo programu za mstari wa amri huambizana.

Jaribio tupu linalofaulu

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa wa kiolezo. Andika:

stack test

Amri hii huendesha majaribio yaliyomo katika folda ya test. Katika kiolezo kipya, faili ya Spec.hs haina jaribio lolote. Inachapisha tu sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba majaribio bado hayajaandikwa. Lakini kwa kuwa hakuna kilichoshindwa, Stack hutangaza kwamba majaribio yamefaulu.

Fikiria maana yake. Kijana anaiambia kamati, bila kusema uongo, kwamba mradi wake umepita majaribio. Mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna hata namba moja iliyokaguliwa.

Kumbuka pia kwamba lile kosa letu la mwanzo, la kutoza yuniti zote Sh200, halikamatwi na aina. Shilingi zimezidishwa kwa yuniti, zikatoka shilingi. Kompaila imeridhika kabisa. Kompaila inajua kuwa jibu ni pesa. Haijui makubaliano ya mkutano wa kamati.

Ni jaribio pekee linaloweza kuyaingiza makubaliano hayo ndani ya tarakilishi. Na kwa kuwa hesabu yetu imekaa peke yake katika Lib.hs, kuiandikia majaribio ni kazi nyepesi. Maktaba ya hspec hutumiwa sana kwa kazi hiyo. Majaribio ya kuanzia ni haya:

Yuniti 0 zitoe Sh0.

Yuniti 5 zitoe Sh750.

Yuniti 6 zitoe Sh950.

Yuniti 9 zitoe Sh1,550.

Usomaji wa 421 ukifuatwa na 3 utoe sababu, usitoe bili.

Tazama jinsi namba zilivyochaguliwa. Makosa mengi ya viwango hujificha mpakani, pale bei moja inapokoma na nyingine kuanza. Jaribio la yuniti 9 pekee lingetosha kuonyesha kwamba kuna kosa, lakini jaribio la 5 likifaulu na la 6 likishindwa, mwandishi anajua mara moja pa kutazama.

Jambo la maana zaidi ni kwamba namba hizi hazipaswi kutoka kwa mwandishi wa programu. Zitoke kwa mhazini, akiwa na kalamu na daftari lake la zamani. Achague bili kadhaa za miezi iliyopita ambazo wanakijiji walizikubali na kuzilipa, nazo ziandikwe kama majaribio. Mwandishi akijaribu programu kwa majibu aliyoyapata kwa programu hiyo hiyo, amejisahihishia mtihani mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza mbele kidogo, kuna kiolezo kingine kiitwacho rio, kinachopatikana kwa kuongeza jina hilo mwishoni: stack new bili-maji rio. Kiolezo hiki huja na sehemu ya kusoma maagizo ya mtumiaji, na pia jaribio halisi la kitendakazi kidogo kinachoongeza 2 juu ya namba. Lakini hata hicho hakijui bei ya maji ya Kisaju.

Gharama na mipaka

Haitakuwa haki kuisifu njia hii bila kutaja uzito wake. Ujumbe wa makosa wa GHC ni wa Kiingereza, na mara nyingine ni mrefu kiasi cha kumkatisha tamaa mwanagenzi. Walimu wa Haskell ni wachache ikilinganishwa na wale wa Python, ambayo ndiyo lugha ambayo vijana wengi hukutana nayo kwanza. Mwaka 2022 KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala nchini, iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili, na huenda kizazi kijacho kikakuta njia iliyosafishwa zaidi.

Kujenga programu kunahitaji tarakilishi yenye nguvu kiasi na nafasi ya kutosha. Hata hivyo, programu ikishajengwa haihitaji tena kompaila. Amri ya stack install huiweka mahali ambapo inaweza kuitwa kwa jina lake tu, na faili hiyo inaweza kunakiliwa kwenye tarakilishi ya mhazini iliyo na mfumo endeshi wa aina ile ile. Kijana anaweza kujenga Kitengela na kupeleka Kisaju kwa kifaa kidogo cha kuhifadhia data mfukoni.

Na kwa anayeona Haskell ni mlima, mafunzo haya hayafungwi na lugha. Kutenga hesabu na mazungumzo kunawezekana katika Python. Kuhesabu pesa kwa senti nzima kunawezekana popote. Kuandika majaribio yanayotoka kwa mhazini hakuhitaji lugha mahususi. Tofauti ni kwamba Haskell hukusukuma kuelekea huko, ilhali lugha nyingine hukuachia hiari.

Kabla ya kukabidhi

Ipo faili moja ya kiolezo ambayo hupuuzwa kuliko zote, nayo ni README.md. Hapo ndipo maelezo ya programu yanapokaa. Yaandikwe kwa Kiswahili, kwa lugha ambayo mhazini ataielewa: programu inafanya nini, inaitwaje, bei inayotumia ni ipi, ilikubaliwa lini na mkutano gani, na pa kubadilisha bei siku mkutano mwingine utakapoamua vingine.

Kisha kamati iombe kuonyeshwa majaribio, si kuambiwa tu kwamba yamefaulu. Mwenyekiti asiyejua hata neno moja la Haskell anaweza kusoma "yuniti 6, Sh950" na kusema kama ndivyo walivyokubaliana. Kwa mwezi mmoja au miwili, daftari la kalamu na programu viendeshwe sambamba, na tofauti yoyote itafutiwe chanzo chake kabla ya bili kutoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiolezo humpa kijana kuta nne na mlango kwa amri moja, naye anastahili kukitumia bila haya. Lakini nafasi ya majaribio huja ikiwa tupu, na hakuna kiolezo kitakachojua badala yetu mkazi wa Kisaju anapaswa kulipa shilingi ngapi.